Kujifunza kutengeneza gemu mtandaoni ukiwa Tanga na kompyuta ya kawaida: nianze na nini?

Chumbageni_Kwetu

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi hii.

Nataka kujifunza kutengeneza gemu za simu, ndogondogo kwanza, zenye mambo ya kwetu. Niko Tanga mjini. Kompyuta ni mpakato, Core i3 kizazi cha 4, RAM GB 4, kadi ya picha ni ile ya ndani ya prosesa, Windows 10. Intaneti ni bando la simu, kwa hiyo kupakua GB 20 au kutazama video kutwa haiwezekani. Kiingereza cha kusoma kipo, cha kusikiliza mtu anayeongea haraka kinasumbua.

Masomo ya video yamejaa mtandaoni. Shida ni kwamba ukifuata unaona unaelewa, ukifunga video na kufungua mradi mtupu hujui uandike nini. Mengine unaandika herufi kwa herufi kama mwalimu na bado linatoka kosa jekundu. Nichague injini (programu ya kutengenezea gemu) ipi, nifuate somo gani, na kwa mpangilio upi? Kozi za kulipia zina maana?

---

Fundi_Ngamiani

Karibu sana ndugu wa Chumbageni.

Kwa mashine hiyo chukua Godot. Unity ukiipakua pamoja na vifaa vya Android inakula GB kadhaa kabla hujaandika mstari mmoja, na ikifunguka RAM ya GB 4 haibaki kitu. Unreal isahau kabisa kwa sasa. Godot ni faili moja, zip yake haifiki MB 200, haihitaji kusakinishwa: fungua zip, bofya, inawaka. Ni ya bure kwa leseni ya MIT, na hata gemu yako ikiuzika hudaiwi asilimia.

Ukiunda mradi mpya utaulizwa uchague kati ya Forward+, Mobile na Compatibility. Chagua Compatibility. Hizo mbili za kwanza zinategemea teknolojia mpya za kuchora picha, Vulkan au Direct3D 12, na kadi ya Intel ya kizazi cha 4 kwenye Windows haina Vulkan, wala Direct3D 12 yake si ya kutegemea. Unaweza kuona dirisha jeusi au programu ikajifunga. Compatibility inatumia OpenGL 3.3 ambayo mashine yako inaiweza. Tena ndiyo inayofaa kwa simu za bei ndogo, na ndiyo pekee inayokubali gemu itolewe kwa ajili ya kivinjari.

Sasa hilo kosa jekundu. Mara nyingi mwalimu yuko sahihi na wewe uko sahihi, ila mko kwenye matoleo tofauti. Godot 4 ilitoka Machi 2023 na lugha yake ikabadilika sana kutoka 3, lakini video za toleo la 3 bado zimejaa na ndizo zenye watazamaji wengi. Zitambue hivi. Ukiona KinematicBody2D, hilo ni toleo la 3. Kwenye 4 inaitwa CharacterBody2D. Kwenye 3 move_and_slide ilipewa kasi ndani ya mabano. Kwenye 4 mabano yanabaki matupu, kasi unaiweka kwenye velocity kabla ya kuiita. yield imekuwa await. instance imekuwa instantiate. Sprite imekuwa Sprite2D, Position2D imekuwa Marker2D. export var na onready var sasa zinaanza na alama ya @. Tween si nodi (kijenzi cha gemu ndani ya Godot) tena, unaiita kwa create_tween. Na hata ndani ya 4 kuna mabadiliko: tangu 4.3 ya Agosti 2024 nodi ya TileMap imeachwa, mahali pake ni TileMapLayer. Kwa hiyo kabla ya kuchoma bando, angalia tarehe ya somo na namba ya toleo. Lisilotaja toleo liache.

Somo la kuanzia ni lile lililo kwenye nyaraka rasmi za Godot, sura inayoitwa "Your first 2D game". Ni maandishi na picha, unasoma kwa kasi yako. Ukitaka kuzoea lugha yenyewe, GDScript, kwanza, kuna programu ya bure ya GDQuest inayoitwa Learn GDScript From Zero, inafunguka ndani ya kivinjari na ina mazoezi mafupi mafupi.

Dawa ya kukwama mbele ya mradi mtupu ni kulifanya kila somo mara mbili. Mara ya kwanza fuata, ukiandika kwa mkono wako, usinakili na kubandika. Mara ya pili funga somo, fungua mradi mtupu, na uwe na karatasi moja tu uliyoandika kwa Kiswahili gemu inafanya nini. Ukikwama bonyeza F1 ndani ya Godot. Msaada wote wa nodi na kazi zake umo humo humo bila intaneti. Kurudi kwenye somo kuwe jambo la mwisho.

Baada ya hapo tengeneza ya kwako ambayo hakuna aliyeifundisha. Mfano: machungwa ya Muheza yanadondoka, mchezaji anasogeza kikapu. Karatasi yako isomeke hivi: kikapu kinakwenda kushoto na kulia kwa pikseli 400 kwa sekunde, chungwa jipya kila sekunde 1.2, linashuka kwa pikseli 250 kwa sekunde, likigusa kikapu alama moja inaongezeka, likipita chini moyo mmoja unapungua kati ya mitatu, kila alama 10 muda wa kusubiri unapungua kwa 0.05 hadi ufike 0.4, hapo unaganda. Ukiandika hivyo, kila sentensi inageuka nodi au mistari mitatu minne ya msimbo. Chungwa ni Area2D yenye Sprite2D na CollisionShape2D ndani yake, nalo ni sini (scene, kundi la nodi lililohifadhiwa pamoja) ya peke yake. Anayelizalisha ni Timer kwenye sini kuu.

Mambo mawili yatakukwaza hapo. Kwanza, skrini yenye upana wa 720 usizalishe chungwa kuanzia 0 hadi 720. Nusu ya chungwa itakuwa nje. Likiwa na upana wa pikseli 80, tumia randf_range kati ya 40 na 680. Pili, chungwa lililopita chini bila kufutwa kwa queue_free linaendelea kudondoka milele. Kwa kasi ya moja kila sekunde 1.2 hayo ni 50 kwa dakika, na simu ndogo itaanza kukwamakwama baada ya muda huku hujui kwa nini. Fungua kichupo cha Remote gemu ikiwa inakimbia, utayaona yamepangana humo.

---

BintiPangani

Naongeza kwenye alichosema Fundi, upande wa bando na pesa.

Nyaraka zote za Godot zinapakuliwa zikiwa zip ya kurasa za HTML, unazisoma bila mtandao. Pakua mara moja, bando la usiku likiwa rahisi. Video weka kwa kesi maalumu: mambo ya kuona kwa macho kama uhuishaji wa mhusika au kuchora vigae vya ramani. Humo 480p inatosha kusoma msimbo kwenye skrini ndogo. 360p herufi zinavunjika. Washa manukuu ya Kiingereza, kwa mtu anayesoma vizuri kuliko kusikia ndiyo tofauti yote.

Godot ina kitu kingine kinachoitwa export templates, ni takriban GB 1. Hicho hukihitaji hadi siku ya kuitoa gemu nje ya Godot. Wengi wanakipakua siku ya kwanza, bando linaisha, wanakata tamaa bure.

Kozi za kulipia: sikatai, zipo nzuri. Lakini usinunue ya kwanza kabla hujamaliza gemu mbili za kwako, maana hutajua unachokosa. Zile za Udemy zina bei kubwa iliyoandikwa na punguzo la mara kwa mara, usilipe bei kamili, subiri. Kabla ya kulipa tazama vitu vitatu: imesasishwa lini, ni toleo gani la injini, na sehemu ya maswali mwalimu anajibu au kimya. Kozi yenye saa 50 si bora kuliko ya saa 8. Kwa anayeanza mara nyingi ni kinyume chake, kwa sababu ya saa 50 hutaimaliza na gemu yake ni kubwa mno kuijenga upya peke yako.

Ya bure iliyo nzito ni kozi ya CS50 ya Harvard ya kutengeneza gemu. Ile ya awali inajenga upya gemu za zamani kama Pong na Breakout kwa lugha ya Lua na LÖVE, ambayo ni nyepesi sana kupakua. Injini si yako, lakini namna wanavyoeleza hali za gemu, yaani menyu, kucheza, kusimama, kushindwa, inahamia Godot bila shida. Kumbuka tu kwamba kwenye Lua orodha inaanza kuhesabiwa 1, kwenye Godot ni 0. Ichukue baada ya miezi michache, si sasa.

Picha na sauti: usiokote Google. Nenda tovuti ya Kenney, vifurushi vyake ni CC0, unatumia hata kwenye gemu ya kuuza bila kumtaja mtu. OpenGameArt ina vingi, lakini soma leseni ya kila kimoja. CC BY unatakiwa kumtaja msanii ndani ya gemu. Kwenye tovuti nyingine utakuta yenye NC, hiyo hairuhusu biashara, na hapo hata tangazo la kulipwa lina utata, kwa hiyo iache. Fungua faili la maandishi tangu siku ya kwanza, andika jina la picha, msanii, leseni na ulikoitoa. Kuitafuta taarifa hiyo mwishoni, picha zikiwa 60, ni mateso.

Sauti fupi za kugonga na kula ziwe WAV, muziki uwe OGG. Picha za pikseli zikitoka na ukungu, nenda Project Settings, Rendering, Textures, badilisha Default Texture Filter iwe Nearest.

---

Chumbageni_Kwetu

Asanteni sana, dada na kaka. Compatibility imekubali. Maswali mawili yamebaki. Nimebadilisha somo la rasmi mhusika awe CharacterBody2D, kasi nimeandika 300 lakini anatambaa kama hasogei kabisa. La pili: gemu ninayoitaka hasa ni bao. Linawezekana kwa anayeanza, au nisubiri?

---

Fundi_Ngamiani

La kwanza: umezidisha velocity kwa delta, yaani muda uliopita tangu hatua iliyotangulia. Godot inaita hatua ya fizikia mara 60 kwa sekunde, na move_and_slide yenyewe inazidisha kwa delta ndani yake. Ukizidisha tena, 300 inagawanywa kwa 60, unabaki na pikseli 5 kwa sekunde. Ondoa delta kwenye mstari huo. Somo la rasmi linatumia Area2D na kubadilisha position moja kwa moja, ndiyo maana kule delta inahitajika. Kanuni ni hiyo: ukigusa position mwenyewe zidisha kwa delta, ukitumia move_and_slide usizidishe. Nguvu ya mvutano pekee ndiyo inaongezwa kwenye velocity ikiwa imezidishwa kwa delta, kwa sababu yenyewe ni mabadiliko ya kasi.

Tena tumia Input.get_vector kupata mwelekeo. Ukijumlisha kulia na chini mwenyewe, mhusika anayekwenda mshazari anakuwa na kasi mara 1.41.

Na umbo la CollisionShape2D usilivute kwa scale. Shika vile vidoti vyekundu vya umbo lenyewe. Ukiwa umenakili nodi, umbo ni moja kwa nakala zote. Ukibadilisha la mmoja yote yanabadilika hadi ubonyeze Make Unique.

Bao nawaachia wenye bao.

---

MwalimuWaKete

Bao linawezekana kabisa kwa anayeanza, na kwa maoni yangu ni zoezi bora kuliko gemu za kuruka na kukimbia, kwa sababu hakuna fizikia, hakuna kugongana, yote ni hesabu na zamu. Ila usianze na bao la kiswahili kamili. Namua, yaani awamu ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, ina masharti mengi: kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kwenye nyumba (shimo maalumu la safu ya mbele) na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata, halafu 22 mkononi, na nyumba ina sheria zake za kulala na kusafiri. Anza na bao la kujifunza. Mashimo 32, kila moja kete 2, jumla 64, hakuna namua wala nyumba. Likitulia, namua utaijenga juu yake.

Jambo la pili: picha baadaye. Andika sheria kwenye skripti isiyogusa nodi yoyote, na ubao uuchapishe kwa print tu. Ukichanganya sheria na picha tangu mwanzo, kosa likitokea hutajua kama ni bao limekosea au ni mchoro.

Kila mchezaji mpe orodha yake ya namba 16. Nafasi 0 hadi 7 ni safu ya mbele, kutoka kushoto kwake kwenda kulia. Nafasi 8 hadi 15 ni safu ya nyuma ikirudi, kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo 8 iko nyuma ya 7, na 15 iko nyuma ya 0. Kwa kupanga hivyo kuzunguka ni kuongeza au kupunguza moja tu. Mpinzani naye unamhesabia kutoka kushoto kwake mwenyewe, na kwa kuwa wamekaa wakitazamana, shimo lako la mbele namba i linatazamana na lake namba 7 - i. Hapo ndipo wengi wanaandika i kwa i, na kula kunatokea upande usio wake.

Kusambaza kete ni hivi:

```
func sambaza(mashimo, nafasi, mwelekeo, kete):
    while kete > 0:
        nafasi = posmod(nafasi + mwelekeo, 16)
        mashimo[nafasi] += 1
        kete -= 1
    return nafasi
```

Tumia posmod, usitumie alama ya asilimia. Kwenye GDScript -1 % 16 ni -1, si 15. Ubaya wake ni kwamba gemu haitoi kosa: orodha za Godot zinakubali namba hasi na kuhesabu kutoka mwisho, kwa hiyo kete inaingia shimo sahihi. Lakini nafasi inayorudishwa ni hasi, na ukiuliza "je, ni chini ya 8, yaani safu ya mbele?" jibu linakuwa ndiyo wakati kete imelala nyuma. Kosa la namna hiyo unaweza kulitafuta wiki nzima.

Kete ya mwisho ikishatua, uliza kwa mpangilio huu. Shimo lilikuwa tupu, yaani sasa lina 1? Basi zamu imelala, mwenzake anacheza. Halikuwa tupu, liko mbele, shimo linalotazamana nalo lina kete, na zamu hii ni ya kula? Basi zile za mpinzani zinachukuliwa na kusambazwa kwako kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Vinginevyo, chota zote za shimo hilo uendelee kwa mwelekeo uleule.

"Zamu hii ni ya kula" iwe kigeu chake, kiite ni_mtaji. Kama msambao wa kwanza haukula, zamu nzima ni takata, na hata kete ya mwisho ikiangukia pazuri baadaye hairuhusiwi kula. Pia anayeweza kula lazima ale. Kwa hiyo kabla ya kumruhusu mchezaji kuchagua shimo, jaribu mashimo yake yote kwa pande zote mbili uone kama kuna mtaji wowote. Ukiwepo, mashimo mengine yazime. Shimo lenye kete 1 halichezwi.

Kichwa gani? Ukila ukiwa nafasi 0 au 1, kete zinaingia kwa kichwa cha kushoto kwenda kulia. Ukila ukiwa 6 au 7, zinaingia kulia kwenda kushoto. Ukila katikati, 2 hadi 5, mwelekeo uliokuwa nao ndio unaoendelea. Kazi ya hapo juu inamudu hilo bila kuongeza kitu: kuingia kichwa cha kushoto unaipa nafasi -1 na mwelekeo 1, kete ya kwanza inatua 0. Kuingia kulia unaipa 8 na mwelekeo -1, inatua 7.

Weka walinzi wawili. Mmoja ni assert (amri inayosimamisha gemu sharti likivunjika) kwamba baada ya kila msambao jumla ya orodha zote mbili ni 64. Ikizidi, tuseme 66, umesahau kuweka 0 kwenye shimo ulilochota, au kwa mpinzani uliyemla. Wa pili ni ukomo wa mizunguko ndani ya zamu moja, tuseme 1000, kwa sababu bao linaweza kutoa mzunguko usioisha na programu ikaganda kabisa.

Picha zikija, kila mtu anataka kete zitue moja moja, na kila mtu anaweka await (amri ya kusubiri) ya sekunde 0.15 ndani ya sambaza. Usifanye hivyo. Acha sheria zimalize zamu yote papo hapo, lakini ziandike kila hatua kwenye orodha: shimo gani, wa nani, limekuwa na kete ngapi. Kisha sehemu ya picha inaisoma orodha hiyo na kuicheza polepole. Wakati inacheza, kigeu kama inasambazwa kiwe kweli na miguso yote ipuuzwe, la sivyo mtu atagusa shimo jingine katikati na ubao utaharibika.

Faida ya kutenganisha utaiona ukimtengeneza mpinzani wa kompyuta. Yeye anajaribu kila shimo kwa pande mbili, chaguo 32 kwa wingi wake, na kuchukua linalompa kete nyingi zaidi. Hilo linatosha kumsumbua anayeanza. Kama await ingekuwa ndani, kompyuta ingekaa dakika nzima kufikiri. Na kabla ya kujaribu, nakili orodha kwa duplicate. Orodha ukiipeleka kwenye kazi nyingine inakwenda yenyewe, si nakala yake, na kompyuta itakuwa inachezea ubao halisi huku ikidhani inawaza.

---

Raskazoni_Apk

Nimalizie upande wa simu, maana ndiko muulizaji anakoelekea.

Ukubwa wa msingi weka 1280 kwa 720 kwa bao, limelala. Project Settings, Display, Window, Stretch: Mode iwe canvas_items, Aspect iwe expand. Ukiacha ilivyo, simu ndefu zitakata ubao au kuuacha kwenye kona. Mguso wa kidole kwa kawaida unasomeka kama kubofya kwa panya, kwa hiyo vitufe vya kawaida vitafanya kazi bila msimbo wa ziada. Shimo lifanye kubwa kuliko linavyoonekana. Eneo la kugusa la pikseli 110 kwenye skrini ya 1280 ni la chini kabisa ninaloshauri, kidole si mshale.

Majaribio ya mwanzo usihangaike na Android. Toa kwa ajili ya kivinjari, funga zip yenye index.html juu kabisa, si ndani ya folda, ipandishe itch.io (tovuti ya kuwekea gemu) na uchague ichezwe ndani ya kivinjari. Marafiki wanafungua kwa kiungo tu. Tangu 4.3 kuna utoaji usiotumia nyuzi nyingi (threads), uache hivyo hivyo, ndio unaokubali kwenye seva za kawaida. Kubofya index.html kwenye kompyuta yako hakutafungua gemu, kivinjari kinazuia. Tumia kitufe cha Godot cha kuendesha kwenye kivinjari. Ukiandika kwa C# badala ya GDScript, Godot 4 haitoi kwa kivinjari, kwa hiyo baki na GDScript.

Android yenyewe inataka OpenJDK 17, Android SDK, na njia za vyote viwili ziandikwe kwenye Editor Settings, Export, Android. Washa Import ETC2 ASTC kwenye mipangilio ya mradi, bila hiyo utoaji utagoma. Jina la kifurushi liwe la kwako peke yako na lisibadilike tena. APK, faili la kusakinisha moja kwa moja kwenye simu, ndiyo ya kutumiana WhatsApp. Play Store wanataka AAB, faili la kupakia dukani, na hiyo inahitaji uwashe Use Gradle Build. Ufunguo wa kusaini uhifadhi sehemu mbili pamoja na neno siri lake. Ukipotea, waliopokea APK yako watalazimika kuifuta ya zamani ndipo waweke mpya.

Kosa moja linalowapata karibu wote: gemu inakwenda vizuri kwenye Windows, kwenye simu picha hazipo au inajifunga. Sababu ni herufi. Faili linaitwa Kete.png, wewe kwenye msimbo umeandika kete.png. Windows haijali, simu inajali. Majina yote ya faili yaandike kwa herufi ndogo tangu mwanzo, bila nafasi katikati.

Akaunti ya Play ni dola 25, unalipa mara moja. Akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipitishe jaribio la faragha lenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mwanzo walitaka 20, kwa hiyo soma masharti yao ya wakati huo kabla ya kulipa. Hao 12 waandae mapema, na wajiunge kwa akaunti zao za Google kisha wasijitoe.

---

Chumbageni_Kwetu

Nimeelewa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, Godot inahifadhi yenyewe?

---

Fundi_Ngamiani

Usiitegemee. Ctrl na S kila baada ya badiliko linalofanya kazi, na Git (programu inayotunza historia ya mafaili yako) kwenye folda ya mradi tangu leo. Folda ya .godot iandike kwenye .gitignore, ni ya muda, Godot inaijenga upya yenyewe. Kila kipengele kikikamilika, kwa mfano kusambaza, kisha kula, kisha takata, hifadhi hatua kwenye Git (commit) yenye jina la kipengele hicho. Mara moja kwa siku sukuma nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Msimbo na picha za bao ni MB chache tu, bando halitahisi. Faili la sini likiharibika kwa kukatika umeme unarudisha hilo moja, na yaliyobaki unaendelea nayo.